Mita Moja ya Bi Kigogota

Bi Kigogota alikuwa hawezi kupita kando ya mti bila kuubisha hodi. Hata akiwa amevaa nguo za harusi na viatu vya kubana, atasimama, ataugonga kwa vifundo vya vidole, atatega sikio, kisha ndipo ataendelea na safari yake. Jina la ndege yule anayegonga miti kutwa nzima alipewa na wenzake wa kazini, na likamkaa vizuri hata wanawe mwenyewe wakawa wanalitumia wakitaka kumchokoza. Mumewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko vifungo vya dukani kwake, alipenda kusimulia kwamba siku ya kwanza kumtia machoni alimkuta binti anaongea na mti, akajiambia: huyu ama hana akili timamu, ama ndiye mke wangu. Baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa, alisema bado hajaamua.

Alikuwa mkaguzi wa miti wa halmashauri, na cheo hicho alikifikia kwa njia ya ufagio. Aliajiriwa kufagia majani barabarani. Mkaguzi wa wakati huo akagundua kwamba yule mfagiaji kila mara anaacha karatasi kwenye dirisha la ofisi: mti wa karibu na soko unalia ovyo, mti wa mbele ya posta umeota uyoga shinani. Akampa nyundo ya mbao na daftari. Nyundo ilimfundisha kusikia: mti mzima hujibu kwa sauti ya kukaza, na mti ulioliwa ndani hujibu kama ngoma. Daftari likamfundisha kutosahau.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana ya magari ya taka. Mlikuwa na meza yenye mguu mmoja wa tofali, kofia ngumu zimetundikwa kwenye misumari, kamba zimekunjwa kama nyoka waliolala, na kabati la daftari thelathini na moja zenye majalada meusi. Humo aliandika kila kitu: upana wa shina, hali ya hewa, nani kachelewa na kwa kisingizio gani, na mchoro wa kila mti alioupima. Msaidizi wake, mpandaji miti mwenye mikono mirefu aliyeitwa Kamba, alikuwa akilalamika kwamba hata akipiga chafya juu ya tawi, kesho ataikuta daftarini.

Kisha akaja Daktari. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, binti mwembamba mwenye miwani mikubwa, daktari wa kusomea miti na si wa kutibu watu, ingawa madereva wa magari ya taka hawakuacha kumwomba dawa ya kiuno. Alitaka kujua jambo moja: mti wenye uwazi ndani umepungukiwa nguvu kiasi gani ukilinganishwa na mti mzima? Njia yake ilikuwa ya kuvuta. Kamba anapanda, anafunga kamba ya chuma juu ya shina. Chini mashine ya winchi inauvuta mti polepole, kidogo tu, usiumie. Kifaa kimoja kinasoma nguvu ya mvuto, kingine kinasoma mti umeinama kiasi gani kwenye shina lake, pale mizizi inapoushika udongo. Nguvu ile inazidishwa kwa kimo cha fundo kutoka ardhini. Kwa hiyo kimo cha fundo kina uzito sawa na nguvu yenyewe, na kukipima ilikuwa kazi ya Bi Kigogota na tepu yake ndefu ya kitambaa.

Walivuta miti arobaini na sita kwa miaka miwili. Ishirini na mitano yenye uwazi ilitangulia, kisha ishirini na mmoja iliyo mizima. Majibu yakatoka matamu: miti yenye uwazi ilikuwa dhaifu sana, kuliko hata Daktari alivyotarajia. Makala ikakubaliwa na jarida kubwa, ikawa inasubiri kuchapwa tu. Mkuu wa idara ya halmashauri, mtu asiyependa habari njema imchelewe, hakungoja jarida. Alitoa waraka: mti wowote ulio karibu na watu, ambao uwazi wake unazidi nusu ya upana wa shina, ukatwe.

Wa kwanza kwenye orodha ulikuwa mti wa ua wa hospitali ya wazazi.

Bi Kigogota aliujua mti ule kwa mwili wake. Akiwa na uchungu wa mwanawe wa pili aliuzunguka mara zisizo na idadi, amelikumbatia shina, huku mumewe akimfuata na thermosi ya chai asijue ampe nani. Kila siku kulikuwa na wajawazito wanaouzunguka vivyo hivyo. Lakini nyundo ilisema ngoma, na kipimo cha uwazi kilizidi nusu. Matroni wa hospitali, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, alikuwa akitaka ukatwe tangu tawi lake lilipoangukia kamba za kuanikia na kuzika mashuka arobaini matopeni. Bi Kigogota akatia sahihi. Alisema moyoni kwamba namba ni namba, akaenda nyumbani na kupika chakula bila chumvi.

Zilipobaki siku kumi na moja mti ukatwe, mumewe akaharibu kazi ya watu.

Alikuwa amepata oda ya kushona pazia la jukwaa kwa ajili ya ukumbi wa shule. Tepu yake ya kushonea haikufika hata nusu ya kimo cha jukwaa, hivyo Jumamosi aliazima tepu ndefu ya mkewe, akapima mwenyewe kutoka kwenye bomba la juu hadi sakafuni, akaandika mita sita, akashona mita sita. Siku ya kulitundika, pazia likashuka, likafika sakafuni, likaendelea kushuka. Mita nzima ililala juu ya mbao. Mwalimu mkuu akamuuliza kwa upole kama bei ile ilikuwa na zulia ndani yake.

Alirudi nyumbani jioni hiyo amenuna, pazia limekunjwa begani kama gunia.

"Mke wangu," alisema, akiitua tepu mezani, "nimeshona miaka thelathini. Nimewahi kukosea kola, nimewahi kukosea mkono. Mita nzima sijawahi. Hiki kitu chako kina ugomvi na mimi."

Bi Kigogota alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha, akiwa bado anafuta machozi ya kicheko, akaivuta ncha ya tepu ili amwonyeshe mumewe jinsi watu wazima wanavyosoma vipimo. Pete ya shaba ilikuwa mahali pake, imeshonwa vizuri kwa uzi mzito. Mbele yake ndipo namba zinapoanza. Na namba ya kwanza ilikuwa moja. Si sentimita moja. Mita moja.

Kicheko kikamwishia mdomoni. Mumewe, aliyekuwa amejiandaa kwa malumbano, akaacha kununa na kumsogezea kiti.

Asubuhi, kabla Kamba hajafika kazini, Bi Kigogota alikuwa ameshafungua kabati. Katika daftari la ishirini na saba aliukuta mwandiko wake mwenyewe: *Leo msumeno umekula ncha ya tepu. Fundi wa stoo ameishona pete upya. Nzuri kama mpya.* Fundi wa stoo alikata kipande kilichochanika, akaishona pete palipobaki, na hakuna aliyetazama namba. Tangu siku ile tepu ilianza kuhesabu kutoka moja, na kila fundo lililopimwa nayo likaandikwa mita moja juu zaidi ya lilipokuwa.

Akalinganisha tarehe. Miti yenye uwazi ilipimwa yote kabla ya msumeno. Miti kumi na minane kati ya ile mizima ilipimwa baada yake. Kwa maneno mengine, mizima ilipewa nguvu za bure, na yenye uwazi ikaonekana dhaifu kwa kulinganishwa na majigambo yale. Utamu wote wa majibu ya Daktari huenda ulikuwa umetoka katika stoo yao.

Kamba alipoelezwa, alikuna kichwa akasema si jambo kubwa, toa mita moja kila mahali, mambo yaishe.

"Kuna siku tulitumia tepu ya zimamoto," Bi Kigogota akamjibu. "Ile yetu ilipokuwa imelowa. Unakumbuka siku zipi?"

Kamba hakukumbuka.

"Mimi pia sikumbuki, na hapa sikuandika. Basi sitatoa kitu nisichokijua. Tutapanda tena."

Ila kabla ya kupanda, ilibidi aende chuo kikuu. Ndani ya basi alijipanga maneno, akayapangua, akayapanga tena. Alijua kwamba Daktari alikuwa anasubiri kupandishwa cheo kwa ajili ya makala ile. Alijua pia jambo lililomsumbua zaidi: kosa lile, likisahihishwa, litaupendelea mti anaoupenda. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kusema mkaguzi kaamka siku kumi kabla ya msumeno, kapata tepu ya kusingizia.

Akamkuta Daktari maabarani, akaweka mezani tepu na daftari, akasema yote mfululizo bila kupumzika. Kwamba tepu ilikuwa jukumu lake. Kwamba mti wa hospitali anaupenda na hataki ukatwe, na hilo liandikwe lijulikane.

Daktari aliivuta ncha ya tepu, akaitazama ile namba moja. Akavua miwani. Akaivaa. Bi Kigogota alijiandaa kwa lawama, hata kwa machozi.

"Mama," Daktari alisema, "miezi minne nimekuwa nikiyatazama majibu haya najiuliza mbona hesabu za vitabuni zinakataa. Nilidhani ni mimi sijui hesabu. Nilikuwa nimeshaanza kujidharau."

Akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani kilichokua kikawa kikubwa, na Bi Kigogota, asijue kama anaruhusiwa, akamfuata. Kabla ya saa sita mchana barua ilikuwa imeshaandikwa kwa mhariri wa jarida: sitisheni, tumepata kosa, tutawaletea vipimo vipya. Jina la Daktari lilikuwa chini ya barua, na hakumtaja mtu wa kumtwika mzigo. Aliandika: tepu yetu.

Siku nane zilizofuata zilikuwa za raha isiyo kifani, na hata Kamba alikiri baadaye kwamba angezirudia. Walizunguka mji mzima na gari la idara, miti kumi na minane, mmoja baada ya mwingine. Michoro ya daftari ilionyesha kwa alama ya mkato tawi gani fundo lilikaa chini yake, na mara nyingi gome lilikuwa bado na kovu dogo la mkanda. Kamba alipanda na ncha ya tepu mpya. Daktari alisoma chini. Bi Kigogota aliandika, na safari hii aliandika pia ni tepu gani, imenunuliwa lini, na nani kaitazama ncha yake. Kwenye ua wa shule moja watoto waliwahesabia kwa sauti mpaka mita ya saba. Karibu na kituo cha mabasi mzee mmoja aliyeona wanapima mti uleule waliopima mwaka jana aliwauliza kama umerefuka, na Daktari akamjibu kuwa la, baba, umefupika.

Miti kumi na mmoja ilikuwa imeandikwa mita moja zaidi. Saba ilikuwa sawa; hiyo ndiyo ya tepu ya zimamoto. Hesabu ziliporudiwa, lile pengo kubwa kati ya miti yenye uwazi na miti mizima likanywea, likawa pengo dogo la kawaida. Kuwa na uwazi zaidi ya nusu, peke yake, hakukutosha kuuhukumu mti.

Sasa ikabaki kumwambia mkuu wa idara, ambaye waraka wake ulikuwa umeshabandikwa kila ukuta wa halmashauri. Aliwasikiliza akiwa amesimama, akipepea shingo kwa waraka huohuo.

"Kwa hiyo mti wa hospitali hauna tatizo," alisema.

"Sikusema hivyo, mkuu," Bi Kigogota akamjibu. "Nimesema hatujui. Tuuvute, tujue."

"Na ukivutwa ukakutwa mbovu?"

"Nitaukata mwenyewe, nilie baadaye."

Mkuu akamtazama, akaung'oa waraka ukutani kwake kwanza, akawaruhusu.

Siku ya kuvuta, ua wa hospitali ulijaa kama uwanja wa mpira. Wauguzi walijipanga kwenye ngazi. Akina mama wenye watoto wachanga walipelekwa upande wa salama, nyuma ya kamba nyekundu, wakaketi kwenye viti vya mapokezi. Bi Kigogota alitangaza mbele ya wote kwamba yeye hatagusa kifaa chochote, kwa sababu mti huu una undugu naye na sikio lake linaweza kumdanganya. Akauliza nani kati yao anautaka mti huu ukatwe kuliko wote. Macho yote yakamgeukia Matroni.

"Basi wewe ndiye utakayesoma namba," akasema.

Matroni hakutarajia, lakini si mtu wa kukimbia kazi. Akavaa miwani yake ya kusomea, akainama mbele ya kifaa cha mwinamo kilichofungwa shinani, akakitazama kama anavyotazama mizani ya vichanga. Daktari alimweleza kwa ufupi: winchi itaongeza mvuto hatua kwa hatua hadi nguvu ya tufani kali, kikisoma robo ya digrii kabla ya kufika huko, tunasimama, na mti umeshindwa.

Winchi ikaanza kukwaruza. Kamba ya chuma ikakaza, ikaacha kuning'inia. Juu, majani yakatikisika kidogo.

"Sifuri nukta sifuri mbili," Matroni akasoma, kwa sauti ileile ya wodini. Muuguzi mmoja, kwa mazoea, akatoa kalamu na kuanza kuandika kwenye kiganja.

Hatua ya pili, sifuri nukta sifuri nne. Hatua ya tatu, sifuri nukta sifuri tano. Bi Kigogota alikuwa amefumba macho, vidole vyake vikigonga paja bila yeye kujua. Shina likalia mlio mmoja wa chini. Kamba akanong'ona kwamba ni kawaida, ni mkanda unajipanga tu. Daktari akaomba hatua ya mwisho.

Matroni akafuta miwani kwa ncha ya aproni, akainama tena.

"Sifuri nukta sifuri tisa," akasema. Akamgeukia Daktari. "Ndiyo tufani hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

Matroni akanyooka, akaweka kiganja kwenye gome kama kwenye mgongo wa mtoto. "Mzima," alitangaza. "Anaruhusiwa kwenda nyumbani."

Ua ukalipuka. Akina mama walipiga vigelegele mpaka vichanga vikaamka vikalia wote kwa mpigo, na kelele zile zikawaleta wagonjwa madirishani. Mkuu wa idara alipiga makofi kuliko mtu yeyote, kana kwamba aliuotesha mti ule mwenyewe. Bi Kigogota alibaki amekaa juu ya sanduku la vifaa, anacheka na kulia kwa zamu, na hakuweza kuandika lolote kwa dakika kumi. Wiki hiyohiyo Kamba alipanda akaondoa matawi makavu na kupunguza uzito upande wa kamba za kuanikia, na Matroni akaahidiwa kwamba mti utapimwa kila mwaka yeye mwenyewe akiwepo.

Vipimo havikumpendelea Bi Kigogota kila mahali. Mwezi uliofuata walivuta mti uliokuwa ukimpa kivuli mumewe mbele ya duka. Nyundo iliusifu, ulilia kama chuma, hauna uwazi hata wa kidole. Lakini mtaro wa bomba la maji ulikuwa umekata mizizi ya upande mmoja, na winchi haijafika hata nusu, kifaa kikasoma robo ya digrii. Alitia sahihi palepale. Mumewe aliomboleza siku tatu, kisha akajishonea turubai la mistari lenye nakshi pembeni, likapendeza mno, na wenye maduka ya jirani wakamletea oda sita.

Makala ilichapwa miezi mitano baadaye. Majibu yake hayakuwa matamu kama ya kwanza, na mhariri aliandika kuwa ndiyo sababu ameyaamini. Aya nzima ilieleza habari za tepu, bila kuremba. Daktari aliileta mwenyewe ofisini, nyuma ya karakana, akaifungua ukurasa wa kwanza. Katika makala ya awali Bi Kigogota alikuwa kwenye orodha ya shukrani, mstari wa mwisho, pamoja na dereva. Safari hii jina lake kamili, lile la vyeti, lilikuwa juu, la pili baada ya la Daktari, miongoni mwa waandishi.

Bi Kigogota alivuta kiti, akachukua daftari zake, akaanza kulinganisha jedwali la vipimo, mti mmoja baada ya mwingine, kidole kikishuka taratibu, huku Daktari na Kamba wakisubiri na chai ikipoa. Alipomaliza wa arobaini na sita ndipo akainua uso.

"Zote sawa," akasema, na tabasamu likamjaa uso mzima.

Cheo cha Daktari kilichelewa, lakini kilikuja. Mkuu wa idara alitoa waraka mpya, mrefu kidogo, unaosema mti upimwe kabla ya kuhukumiwa. Ama mumewe Bi Kigogota, aliutolea nakala ukurasa ule wa kwanza, akautia kwenye fremu na kuutundika dukani, katikati ya picha za mitindo ya magauni. Siku moja mteja mgeni aliutazama sana, akauliza huo ni mshono wa namna gani, maana haoni picha.

"Huo hatushoni hapa," fundi akamjibu, akiendelea kukanyaga cherehani. "Huo ni wa mke wangu."